Mwongozo kamili: jinsi ya kupanga vipaumbele vya utafiti wa ganzi ya sehemu mpaka upate orodha inayofanyiwa kazi

Naandika hii kwa sababu kosa ni lilelile kila mara. Watu wanakaa, iwe idara au chama cha wataalamu wa usingizi, wanataka kujua miaka mitano ijayo watafiti nini kwenye ganzi ya sehemu, yaani spaino na epidurali za mgongoni, na bloku za neva (sindano ya ganzi karibu na neva ya mkono, mguu au kifua), alafu baada ya mitingi miwili mitatu inatoka orodha yenye vitu kama "usalama wa bloku", "matumizi ya ultrasaundi", "ganzi kwa wazee". Hizo ni mada tu. Hamna mtu anayeweza kuichukua mada kesho asubuhi akaanza kuandika protokali, yaani mpango kamili wa utafiti, na hamna mfadhili atakayeitolea hela.

Timu moja niliyokaa nayo ilienda mbali zaidi, wakapiga kura kabisa, swali la kwanza likashangiliwa, na mwezi uliofuata mmoja wetu akafungua majarida akakuta jaribio kubwa lilishalijibu miaka miwili nyuma. Miezi nane ya kazi. Niliumia sana manake wagonjwa walikuwa wametupa muda wao na siri zao.

Kwa hiyo jua hivi tangu mwanzo: kupiga kura ndo sehemu rahisi kuliko zote. Kazi yenyewe iko katikati, baada ya kukusanya maswali na kabla ya kura, ndo maana hatua ya 4 na ya 5 hapa chini ni ndefu kuliko zingine. Usiziruke.

Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Muda wa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. James Lind Alliance ya Uingereza, ambao tangu 2004 kazi yao ni kukutanisha wagonjwa na wahudumu wapange maswali ya utafiti pamoja, wanahesabu miezi 12 hadi 18 kwa zoezi moja. Ukiambiwa mtamaliza kwa wiki sita, jua kuna hatua itarukwa.
- Watu wawili wa kusafisha majibu, na angalau mmoja awe anajua vizuri kutafuta kwenye hifadhi za mtandaoni za tafiti za afya, PubMed na Cochrane.
- Mwezeshaji wa vikao ambaye hana bloku anayoipenda. Hii ni muhimu kuliko inavyosikika.
- Dodoso la mtandaoni na la karatasi, la lugha ambayo mgonjwa anaongea nyumbani kwake.
- Jedwali moja la Excel lenye safu hizi: namba ya jibu, maneno halisi ya aliyejibu, kundi lake, swali lililoandikwa upya, ushahidi uliopatikana, uamuzi, sababu ya uamuzi.
- Hela ya kuwalipa wagonjwa nauli na muda wao.
- Jibu la kamati ya maadili. Waulize mapema hata kama unadhani dodoso halihitaji kibali, wakikujibu kwa maandishi kwamba halihitaji nalo ni jibu la kuhifadhi.
- Orodha ya ukaguzi ya REPRISE, ilitoka 2019, ina vipengele 31 vya kuripoti zoezi la aina hii. Iprinti siku ya kwanza, sio siku unaandika ripoti, kwa sababu kuna vitu inauliza ambavyo usipoviandika vikitokea huwezi kuvikumbuka baadaye.

Hatua ya 1: Chora mpaka

Andika aya moja tu inayosema mnazungumzia wagonjwa gani, mbinu gani, na kipindi gani. Je, watoto wamo? Uchungu wa kujifungua umo? Maumivu sugu yanayotibiwa kwa sindano kliniki yamo au ni zoezi lingine? Je, mafunzo ya kuchoma bloku yamo, au mnaangalia matibabu peke yake?

Sababu ni kwamba ganzi ya sehemu inagusa karibu kila upasuaji, usipoweka uzio utapata maswali mengi kuhusu kila kitu na hutayamudu.

Angalia usichore mpaka kwa kufuata kile idara yenu tayari inakifanya. Kama hapo kwenu hamna katheta za neva (mirija myembamba inayoachwa karibu na neva iendelee kupeleka ganzi), haimaanishi maswali ya katheta yatolewe.

Utajua umefaulu kama watu wawili wakipewa maswali kumi ya mfano, kila mmoja peke yake, wanakubaliana lipi ni la ndani na lipi la nje angalau mara tisa.

Hatua ya 2: Unda kamati ambayo mgonjwa anaweza kuongea

Watu 10 mpaka 12 wanatosha. Weka wataalamu wa usingizi, madaktari na wauguzi wote, daktari wa upasuaji, muuguzi wa chumba cha kuamkia, muuguzi wa wodi anayebaki na mgonjwa usiku, mtu wa fiziotherapia, na wagonjwa au ndugu waliowauguza wasiopungua watatu. Nasema watatu kwa sababu mmoja peke yake kati ya madaktari tisa atakaa kimya, nimeshuhudia, na ukimya wake utahesabiwa kama kukubali.

Kila mtu atangaze maslahi yake kwa maandishi: nani analipwa na kampuni ya mashine za ultrasaundi, ya sindano, ya pampu, ya dawa za ganzi za muda mrefu. Pia nani ana mradi ambao tayari umeandikwa unasubiri hela. Huyu wa mwisho ndo hatari zaidi manake hajui kwamba anasukuma.

Hela ya kampuni zinazouza vifaa vya bloku usiiguse kwenye zoezi hili hata kama bajeti ni ngumu. Orodha ikitoka, kila mtu atauliza nani alilipa.

Hatua ya 3: Kusanya maswali

Dodoso liwe fupi. Kwa wahudumu uliza swali moja la wazi: kuhusu ganzi ya sehemu, ni jambo gani unakosa majibu yake kazini kwako? Kwa wagonjwa usiulize "ungependa utafiti gani", hilo ni swali la kitaalamu na watu wanaogopa kujibu vibaya. Uliza hivi: ulipochomwa ganzi ya mgongo, mkono au mguu, nini kilikuogopesha, nini kilikusumbua baadaye, na nini ungependa kingefanyika tofauti?

Usiweke mifano. Ukiandika "kwa mfano maumivu ya kichwa baada ya spaino" basi nusu ya majibu yatakuwa maumivu ya kichwa baada ya spaino.

Chukua taarifa kidogo tu, kundi lake, umri kwa makundi, na kama ameshapata au kutoa ganzi. Jina usichukue. Anayetaka kupewa mrejesho aache mawasiliano yake kwenye fomu nyingine iliyotengana na majibu, utaihitaji mwishoni.

Wafuate wale ambao hawajazi fomu zenyewe: mama aliyejifungua kwa upasuaji na spaino ikashika upande mmoja, mzee aliyevunjika nyonga na mtoto wake anayemuuguza, aliyekatwa mguu, mzazi wa mtoto aliyewekewa kaudali (ganzi ya chini kabisa ya mgongo). Wengine utakaa nao uandike wanachosema, neno kwa neno.

Kuhusu idadi, kuna mfano mzuri. Zoezi la James Lind Alliance la ganzi, usingizi na huduma za kabla na baada ya upasuaji, lililochapishwa 2015, lilipokea mapendekezo 1420 kutoka kwa watu 623, na baada ya kuchambuliwa yakabaki maswali 92. Nyie hamhitaji kufika huko, mnaweza kusimama pale ambapo majibu thelathini ya mwisho hayaleti jambo jipya.

Dalili ya mafanikio hapa ni kukuta kwenye majibu vitu ambavyo hakuna aliyevisema kwenye kamati. Kama kila jibu ulilitarajia, umewauliza watu wa aina yako tu, rudi nyuma.

Hatua ya 4: Safisha, na hapa usiwe na haraka

Nitatumia jibu moja kuonyesha kazi inavyoenda, ni la aina ambayo inakuja karibu kila dodoso. Mgonjwa anaandika: "Mkono ulikuwa umekufa ganzi vizuri nikarudi nyumbani nafurahi, saa nane usiku ikaisha ghafla, nililia mpaka asubuhi, hamna aliyeniambia."

Kwanza, maneno hayo yabaki kwenye safu yake milele, usiyafute hata ukishaandika swali safi. Ndo ushahidi wenu kwamba swali lilitoka kwa mtu.

Pili, watu wawili, kila mmoja peke yake, wagawe majibu kwenye mafungu manne. Fungu la kwanza ni jibu lenye swali la utafiti ndani yake. Fungu la pili ni lalamiko la huduma, mfano "nilisubiri masaa sita bila kula", hilo peleka kwa uongozi wa huduma na sio jalalani. La tatu ni swali lenye jibu linalojulikana ila mtu hakuambiwa, mfano "je nikitikisika wakati wa spaino ni kawaida", huyo anahitaji kuelezwa sio kutafitiwa. La nne ni nje ya mpaka. Mkitofautiana mkae pamoja, mkishindwa kamati iamue, na sababu iandikwe.

Hilo jibu la usiku wa manane lina mafungu mawili ndani yake. "Hamna aliyeniambia" ni la huduma, irekebishwe wiki hiihii. Lakini maumivu makali yanayorudi bloku ikiisha ni jambo la utafiti, lina jina lake kabisa, maumivu ya kurudi.

Tatu, andika swali lenye viungo vinne: mgonjwa gani, anafanyiwa nini, analinganishwa na nini, tunapima nini na lini. Kwa hiyo linakuwa hivi: kwa watu wazima wanaofanyiwa upasuaji wa mkono na kurudi nyumbani siku hiyohiyo baada ya bloku ya sindano moja, je kuanza dawa za maumivu kwa saa maalumu kabla bloku haijaisha, ukilinganisha na kumeza pale maumivu yanapoanza, kunapunguza maumivu makali na kukatika usingizi usiku wa kwanza?

Soma tena maneno ya mgonjwa alafu soma swali. Kulia usiku kumo, nyumbani kumo, bloku kuisha kumo. Sasa angalia jinsi mtaalamu anavyoweza kuliharibu bila kukusudia: "Ulinganisho wa katheta na sindano moja kwa upasuaji wa mkono, kipimo ni miligramu za mofini ndani ya saa 24." Huyo amechukua kilio cha mtu akakigeuza kuwa mradi wake wa katheta, na usiku umepotea. Hii inatokea sana, ndo maana nataka mgonjwa mmoja wa kamati apitie maswali yote yaliyoandikwa upya na kuuliza kama ndicho mtu alichomaanisha.

Nne, unganisha yanayofanana. Maswali mawili ni sawa pale tu utafiti mmoja unaweza kuyajibu yote. "Maumivu ya kurudi baada ya bloku ya mkono" na "maumivu ya kurudi kwa watoto" sio moja, mtoto mdogo hawezi kujieleza kwa kipimo cha namba na dozi zake ni zingine.

Kuhusu majina ya bloku, tumia yale ambayo vyama vya wataalamu wa ganzi ya sehemu, ASRA ya Marekani na ESRA ya Ulaya, walikubaliana kwa njia ya Delphi (kura za raundi, iko hatua ya 6) na kuyachapisha 2021. Bloku moja ya kifuani ilikuwa na majina mawili matatu kutegemea nani anaandika, na ukiacha hivyo utahesabu swali moja mara tatu au utakosa ushahidi wake ukitafuta.

Ruhusa moja: swali pana linaweza kubaki kama mzazi, mradi liwe na watoto chini yake. Ile orodha ya 2015 ilikuwa na swali kwenye kumi bora linalouliza ni wagonjwa gani wanaopata matokeo mazuri zaidi kwa ganzi ya sehemu kuliko kwa nusu kaputi. Ni pana sana, na ni halali, wao wanayaacha mapana makusudi ili watafiti wayakate. Ila nyie mnaotaka kuanza utafiti mwaka huu mkateni wenyewe.

Umefaulu kama ukimpa mtu ambaye hakuwepo kabisa swali lolote kwenye jedwali anakuambia nani ataingia, atafanyiwa nini, na atapigiwa simu siku gani kuulizwa nini.

Hatua ya 5: Hakikisha halijajibiwa

Hapa ndipo ile timu yetu ilipoangukia.

Kwa kila swali tafuta mapitio ya kimfumo (yanayokusanya tafiti zote za swali moja) ya miaka michache iliyopita, alafu majaribio makubwa yaliyotoka baada ya mapitio hayo, alafu sajili ya majaribio kama ClinicalTrials.gov na sajili ya mapitio ya kimfumo PROSPERO uone nani yuko njiani. Usisome hitimisho tu. Angalia wagonjwa walikuwa nani, kipimo kilikuwa nini, na mstari wa mashaka (wigo ambao jibu la kweli linaweza kuwa ndani yake) ni mpana kiasi gani.

Andika moja ya maneno matatu: limejibiwa, limejibiwa nusu, halijajibiwa. Mengi yatakuwa nusu, na ile nusu iliyobaki ndo swali lenu jipya.

Mfano unaosumbua kila orodha: spaino au nusu kaputi kwa mzee aliyevunjika nyonga. Jaribio la REGAIN lililochapishwa 2021 liliweka wagonjwa 1600 wa Marekani na Kanada, wenye miaka 50 na kuendelea, likaangalia kufariki au kushindwa kutembea bila kusaidiwa na mtu ikifika siku 60. Spaino asilimia 18.5, nusu kaputi asilimia 18.0. Mwaka uliofuata RAGA ya China, wagonjwa kama 950 wenye miaka 65 na zaidi, ikaangalia kuchanganyikiwa akili ndani ya siku 7, ikapata asilimia 6.2 kwa ganzi ya sehemu na 5.1 kwa nusu kaputi, tofauti ambayo haitoshi kusema moja ni bora. Basi ukileta tena "je spaino ni bora kwa wazee wa nyonga" kama lilivyo, unapoteza muda wa watu. Kilichobaki ni cha ndani zaidi: vipi mwenye dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) tayari, vipi spaino bila dawa ya kulewesha kabisa, vipi mahali ambapo mashine na watu wa kufuatilia nusu kaputi ni wachache na hatari zake sio zilezile za hospitali zilizofanya jaribio.

Kuna lingine watu wanalipenda, kwamba bloku inazuia saratani isirudi. Kwa saratani ya matiti lilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 2100, bloku ya paravetebra (pembeni ya uti wa mgongo) na dawa ya usingizi ya propofoli upande mmoja, gesi ya usingizi ya sevofluren na opioidi (dawa za jamii ya mofini) upande mwingine, matokeo yakachapishwa 2019, kurudi kwa saratani hakukutofautiana. Kwa upasuaji huo swali limejibiwa, na inauma kulitoa manake lilikuwa na matumaini mengi, ila lazima litoke.

Sasa yale ya bloku dhidi ya bloku. Bloku ya erekta spaini (ya kwenye misuli ya mgongo) ilielezwa mara ya kwanza 2016, ndani ya miaka michache majaribio yakajaa, mengi madogo, mengi yakiilinganisha na kutofanya chochote, kipimo kikiwa mofini iliyotumika saa 24. Ukipata tofauti ya miligramu chache inaweza kuwa halali kihesabu na mgonjwa asiihisi kabisa. Msimamo wangu ni huu: swali lolote la "bloku A au bloku B" lisiingie kwenye kura mpaka aliyelileta aseme tofauti ndogo kabisa ambayo mgonjwa ataiona ni ipi. Wengi wakiulizwa hivyo wanaliondoa wenyewe.

Na lile la usiku wa manane? Utakuta deksamethasoni, dawa ya steroidi, ya mshipani imejaribiwa dhidi ya maumivu ya kurudi na inaonyesha kusaidia. Kwa hiyo limejibiwa nusu. Swali lenu linabadilika, wote wapewe deksamethasoni, alafu tuone kama mpango wa dawa kwa saa pamoja na simu ya jioni unaongeza kitu. Limekuwa bora kuliko lilivyoingia.

Onyo kubwa: "tafiti zinapingana" sio sawa na "halijajibiwa". Wakati mwingine zinapingana kwa sababu zile ndogo zimekosea.

Umefaulu kama kila swali lina mstari wa ushahidi wenye tarehe mliyotafuta. Tarehe ni lazima, ushahidi unazeeka.

Hatua ya 6: Kura za mbali, kwa raundi

Maswali yakibaki kama 60 mpaka 90 tuma kwa watu wote. Njia inayotumika sana ni Delphi: kila mtu anatoa alama 1 hadi 9 bila kujulikana na wenzake, 7 hadi 9 ikiwa na maana ya muhimu sana, alafu raundi ya pili anaonyeshwa kundi lake na makundi mengine walitoa nini, na anaruhusiwa kubadilisha. Kipimo cha mwafaka kinachotumika mara nyingi ni asilimia 70 au zaidi watoe 7 hadi 9, na wasiozidi asilimia 15 watoe 1 hadi 3. Kiandikeni kabla ya kuona data, mkiandika baada ya hapo mtachagua kinachowafurahisha.

Usijumlishe kura zote kapu moja. Ukiwa na wahudumu 300 na wagonjwa 40, wagonjwa hawapo. Panga maswali kwa kila kundi peke yake, chukua nafasi ya swali kwenye kila kundi, jumlisha nafasi hizo, kila kundi uzito uleule. Swali likiwa la 3 kwa wagonjwa na la 41 kwa madaktari, usilipoteze kwenye wastani, lipeleke kikaoni likajadiliwe.

Maswali yachanganywe mpangilio kwa kila mtu manake ya mwanzo wa fomu yanapata alama nzuri. Na mtu akishindwa kuelewa swali awe na sehemu ya kusema hivyo, akilazimishwa kutoa alama atatoa 5 na hiyo 5 haina maana yoyote.

Hatua ya 7: Kikao cha mwisho

Siku moja nzima, watu 20 hadi 30, maswali yasizidi 25 hivi. Kila swali liwe kwenye kadi. Gawanya watu vikundi vitatu vilivyochanganyika, kila kikundi na mwezeshaji. Raundi ya kwanza kila mtu anasema matatu anayoyapa uzito na matatu asiyoyapa, kwa zamu, bila kukatizwa. Raundi ya pili mnapanga kadi mezani. Alafu changanya vikundi upya, wapange tena wakiwa na wenzao wapya, mwisho wote pamoja mpaka mpate kumi bora.

Wagonjwa waanze kuongea. Profesa akianza, kikao kimeisha.

Mkigongana kati ya maswali mawili rudini kwenye vigezo hivi, ambavyo mviandike kabla ya kikao: linagusa watu wangapi, madhara yake ni mazito kiasi gani, linaweza kujibiwa kweli, jibu litabadilisha tunachofanya kesho, na je litawafikia hata wasio na uwezo. Hicho cha mwisho kinasahaulika, utafiti wa kifaa ambacho hospitali nyingi hazitakuwa nacho unapanda juu kirahisi tu kwa sababu unapendeza.

Dalili nzuri ni watu kutoka wakiwa na orodha ambayo hakuna aliyekuja nayo.

Hatua ya 8: Pima kama linatafitika

Kwenye yale kumi, kila moja liandikiwe ukurasa mmoja: aina ya utafiti, idadi ya wagonjwa, kipimo kikuu, muda, nani ataongoza.

Idadi ndo inavunja ndoto nyingi, bora ivunje sasa. Tuseme mnataka kujua kama mbinu fulani inapunguza kuumia neva kwa kudumu kutoka 1 kwa kila 5000 hadi nusu yake. Kwa hesabu ya kawaida, nguvu ya asilimia 80 (nafasi ya kuiona tofauti kama kweli ipo), unahitaji karibu watu 235,000 kila kundi. Hilo haliwi jaribio la hospitali mbili. Linaingia kwenye rejista ya pamoja ya miaka mingi, kama ukaguzi wa Uingereza uitwao NAP3 uliotoka 2009, ambao ulihesabu zaidi ya bloku laki 7 za spaino, epidurali na jamii yake kwa mwaka mmoja, na majeraha ya kudumu yakaonekana kati ya 2 na 4.2 kwa kila laki moja.

Na mtu asikuambie "tumefanya 300 hamna aliyeumia, ni salama". Ukiwa na sifuri, gawa 3 kwa idadi yako. 3 kwa 300 ni asilimia 1, maana yake data hiyo haiwezi kukataa kwamba mmoja kati ya mia anaumia.

Kuhusu vipimo, angalia kwanza kama kuna seti ya matokeo iliyokubaliwa, hifadhi ya mtandaoni ya COMET, inayokusanya seti hizo, ndo pa kuanzia. Mofini ya saa 24 iwepo, sawa, ila isiwe peke yake. Uliza mtu alilala, alitembea, alirudi kazini lini, miezi mitatu baadaye bado ana maumivu? Kama wagonjwa waliweka usingizi wa usiku kwenye swali, usingizi wa usiku upimwe.

Hatua ya 9: Toa orodha na urudi kwa waliokupa maswali

Chapisha kumi bora, na pia yale yaliyobaki na sababu za kila lililotolewa, kuna mtu mahali atachukua la 14 alifanye vizuri. Kila swali liwe na jina la mwenye kulisimamia na tarehe ya kutoa taarifa. Swali lisilo na mtu litakufa.

Kila miezi 12 rudia hatua ya 5 peke yake kwa yale kumi, weka alama lililojibiwa, pandisha linalofuata. Zoezi zima lirudiwe baada ya miaka mitano hivi.

Alafu chukua ile fomu ya mawasiliano mliyoitenga hatua ya 3. Ndani ya wiki mbili baada ya kikao waandikie wote, au wapigie wasiosoma, waambie maswali yalikuwa mangapi, yapi yamepita, yapi yametoka na kwa nini, na yale malalamiko ya huduma yamefanyiwa nini. Kama mmeshaanza kuwapa watu wa bloku ya mkono karatasi inayosema itaisha saa ngapi na dawa wameze saa ngapi kabla, itieni hiyo karatasi ndani ya bahasha.